Ufunguo wa Ukumbi wa Lindenroda

Barua ya mahakama imekuja na muhuri wa bluu:
ukumbi ni wa wote, mimi ni mtunza ufunguo tu.
Alhamisi, saa moja jioni hadi saa nne usiku,
wakodishiwe kwa bei ile ile
wanayolipa wafugaji wa sungura
na kwaya ya wajane wa Kilutheri.

Basi mimi, Gudrun Piesker,
miaka thelathini na moja ya ufagio,
nikapanga viti themanini.
Nikawasha joto. Nikatia karatasi chooni.
Hakuna sheria inayosema adui wa nyumba
akalie kiti cha baridi.

Bi Nguyệt wa duka la maua alinitazama toka ng'ambo.
Hakuuliza. Nikamvukia mwenyewe,
nikamwambia nililolisoma gazetini:
ukiwafungia mlango watakutana gizani,
afadhali tuwaone penye taa.
Akakata shina la waridi kwa mshazari, kama kawaida yake.
"Kioo changu," akasema, "kilivunjwa penye taa.
Majirani walisimama kwenye roshani zao.
Wengine walikuwa na bia mkononi."

Sikujibu.
Mwaka ule nami nilikuwa na roshani.

Walifika kwa wakati. Hata hilo liliniudhi.
Yule mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa jiografia,
akatia sahihi daftarini, nikamkabidhi ufunguo:
ndio utaratibu.
Wakafuta viatu. Kijana wa akina Haubold
akanisaidia kubeba kipaza sauti.
Nikasimama nyuma kusubiri matusi,
niyashike, niyapeleke kwa meya kama panya mkiani.
Hayakuja.
Walitamka "uhuru" mara kumi na nne, nilihesabu,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani
huku macho yakipima sufuria.
Kisha mwalimu akasema, kwa upole,
kuna watu ambao vyeti vyao ni halali
ila wao wenyewe sio.
Pakatoka kicheko. Kidogo tu,
cha watu waliofuta viatu.

Huko kusini iko mahakama kuu yenye nyundo ya marufuku.
Wanaoilinda ni watu wa busara, wanaiogopa:
wakiipiga mapema, watapasua walichotaka kukilinda;
wakingoja sana, huenda siku ya kuinyanyua
mkono ukawa si wao tena.
Dada yangu Heidrun hana subira na mizani hii.
"Usipoziba ufa," ananipigia simu, "utajenga ukuta."
Sawa, Heidrun.
Lakini mimi na wewe tulizaliwa nyuma ya ukuta,
na walioujenga nao
walituambia wanaziba ufa.

Kwa hiyo sijui.
Nakiri hapa, ufagio mkononi, sijui.
Kuwafungulia hakukuniumiza kama nilivyodhani.
Kinachonikosesha usingizi ni kutoka kwao:
siku watakapoukodi mji mzima, kwa kura safi,
zilizohesabiwa na watu kama mimi,
nani atasimama mlangoni saa nne ikigonga,
anyooshe kiganja, aseme, muda umekwisha?
Na kiganja hicho watakifanya nini?

Saa nne kasoro dakika tano
mwalimu akanirudishia ufunguo. Akanishukuru.
Ulikuwa na joto la mfuko wake.
Nikakunja viti themanini,
na saba nilivyolazimika kuongeza.
Ng'ambo, taa ya Bi Nguyệt bado ilikuwa inawaka;
alikuwa akihamisha ndoo za maua
kutoka dirishani kwenda nyuma, moja moja.

Kwenye korido, chini ya balbu,
nikaona kitu cheupe katika meno ya ufunguo.
Labda chokaa ya ukutani.
Labda sabuni.